Karte ya mtoto wa mine: kasoro ya mashini si wembe wa mtu

Wandugu wa mine, wamama na watoto wa ku kambi, leo tunawaletea habari ya Marekani. Ni habari ya kipande cha karatasi ngumu, kirefu kupita kisanduku cha kibiriti kidogo tu. Mwaka 2007 kipande hicho kiliuzwa dola milioni 2,8. Kisha watu wakasikia mbele ya tribinali kwamba kilipitishwa wembe pembeni. Mtauliza: hiyo inatuhusu nini sisi wa shaba na kobalti? Inatuhusu, juu ni habari ya kupima, na sisi tunakula kwa kupimiwa.

Tuanze na mtu mwenye sura juu ya karatasi ile. Jina lake Honus Wagner. Alizaliwa 1874 ku Pennsylvania, katika eneo la makala ya mawe karibu na Pittsburgh. Baba yake alitoka Ujerumani, akatumika mu mine. Mtoto aliacha masomo akiwa na miaka 12, akaenda kusaidia baba ku makala. Besiboli, ule mchezo wa fimbo na mpira mdogo, njo ilimtoa chini ya udongo. Alichezea timu ya Pittsburgh Pirates, na mwaka 1936 alikuwa mmoja wa watu watano wa kwanza kuingizwa katika Nyumba ya Heshima ya mchezo ule.

Kati ya 1909 na 1911, kampuni kubwa ya tumbaku, American Tobacco Company, ilikuwa inatia karte za wachezaji ndani ya paketi za sigara. Mnunuzi alipata sigara, mtoto wake akapata sura ya mchezaji. Lakini karte ya Wagner ilisimamishwa mapema. Wengine wanasema hakutaka watoto wavutwe na tumbaku kwa sura yake, wengine wanasema hakukubali sura yake itumiwe bila malipo. Sababu yoyote iwe, leo zinajulikana karte zake makumi machache tu, na njo maana bei yake ni ya kutisha.

Sasa tuingie mu kiwanda. Karte hizo hazikuchapwa moja moja. Zilichapwa nyingi juu ya karatasi moja kubwa, kisha mashini ya kisu kikubwa ikazikata. Kipimo chake cha kawaida ni karibu santimetre 3,7 kwa 6,7. Lakini karatasi ikiteleza kidogo, ao mtumikaji akiipanga vibaya, kisu kinaanguka pasipo mahali pake. Karte moja inatoka na upande mweupe mnene kushoto na mwembamba kuume. Ingine inatoka na kipande cha jirani yake kichwani. Ingine inatoka kubwa kupita kipimo. Hiyo ni kasoro ya kazi. Hakuna mtu aliyekusudia kudanganya.

Miaka mingi nyuma, wakati karte za zamani zilianza kuuzwa kwa pesa nyingi, kukatokea kampuni za kuzipima. Moja kubwa ni PSA ya California, iliyoanza 1991. Unapeleka karte, wanaiangalia kwa lensi na mwanga, wanapima urefu na upana, wanaangalia pembe nne, uso, na kama picha iko katikati. Kisha wanaifungia ndani ya plastiki ngumu na kuandika pointi, kutoka 1 mpaka 10. Tofauti ya pointi moja inaweza kuwa tofauti ya nyumba nzima.

Kwa kasoro ya kiwanda wako na njia ya haki: wanaweza kuandika pointi na kuongeza herufi mbili, MC, maana yake kisu cha kiwanda kilikata vibaya. Mnunuzi anasoma, anajua anachonunua. Lakini kama mtu alikata pembeni kwa mkono wake ili karte ionekane mpya, sheria yao ni ingine: hiyo haistahili pointi hata moja. Wanaweza kukubali tu kwamba karte ni ya kweli lakini iliguswa. Na bei inaanguka.

Kwa nini mtu akate? Juu pembe za karte njo zinazeeka mbele. Zinaviringana, zinachafuka. Ukikata kidogo tu, unapata ukingo mpya, mkali, sawa vile ilitoka kiwandani jana. Na hapa mjue werevu wa wezi: wanatafuta kwanza karte iliyotoka kiwandani kubwa kupita kipimo. Hiyo iko na nyama ya kupunguza. Ukiikata, inabaki katika kipimo cha kawaida, na rula peke yake haiwezi kukukamata. Njo maana mpimaji mzuri hashiki rula tu. Anaangalia kama ukingo mmoja ni mweupe na mkali kuliko mitatu ingine, kama mstari unapinda, kama uzee wa ukingo unalingana na uzee wa uso.

Turudie kwa Wagner, juu karte zake mbili zinatufundisha yote. Ya kwanza watapenzi wanaiita Jumbo, juu kiwanda kiliikata na pembe nyeupe pana kuliko zingine. PSA waliipa 5 na kuandika MC wazi. Hakuna aliyeficha kitu. Mwaka 2016 iliuzwa dola milioni 3,12. Kasoro ilisemwa, na thamani ikabaki.

Ya pili njo ile tuliyoanza nayo. Bwana Bill Mastro aliinunua 1985 kwa dola 25.000. Mwaka 1991 mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake Bruce McNall waliinunua ku mnada kwa 451.000. Mwaka ule ule PSA waliipa pointi 8, na ilikuwa karte ya kwanza kabisa kupimwa nao. Tangu hapo bei ilipanda kila ilipobadilisha mikono: 640.500 mwaka 1996, zaidi ya milioni moja mwaka 2000, kisha milioni 2,8. Mwaka 2013, mbele ya tribinali ya Chicago, Mastro aliyekuwa mkubwa wa nyumba ya mnada alikubali kosa la kudanganya wanunuzi katika minada yake, na akakubali pia kwamba yeye njo alikata pembeni ya karte ile. Mwaka 2015 alihukumiwa miezi 20 ya gereza.

Hesabuni: kutoka 1991 mpaka 2013 ni miaka 22. Miaka yote hiyo watu walinunua namba 8, hawakununua karte. Plastiki ilifungwa, na nani atavunja plastiki ya mamilioni ili apime tena?

Sisi wa sendika tunaona pale somo la kwetu. Jiwe likitoka ardhini na asilimia ndogo ya madini, hiyo ni kasoro ya udongo, hakuna wa kulaumu, bei ishuke kwa haki. Lakini kuko depo ambapo mizani inasomwa na mtu mmoja, mashini ya asilimia inageuziwa ukuta, na kilo zinapunguzwa kwa jina la maji bila mtu kuonyeshwa maji yale. Huo ni wembe. Na tusijifiche: mchimbaji anayeweka udongo katikati ya gunia na jiwe zuri juu, naye ameshika wembe ule ule, na siku ya kukamatwa anaharibia wenzake wote jina.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, siyo makubwa. Mizani na mashini viangalie pande zote mbili. Mwenye mzigo awe na haki ya kupimisha mara ya pili kwa mtu mwingine, mbele ya kuuza. Na kipimo kiandikwe juu ya karatasi, na jina la aliyepima. Wamama, karatasi hizo muziweke vizuri ku nyumba pamoja na karte za shule za watoto. Siku ya mabishano, zile karatasi njo zitatusemea.