Picha za Ubongo: Yafaayo Kujulikana Kabla ya Kulipia Kipimo

Ajali ya pikipiki, kuanguka au kiharusi huwafikisha ndugu wa mgonjwa mahali wanapotakiwa kuamua upesi, na pengine kulipa fedha nyingi kwa kipimo wasichokifahamu. Tumeandaa maelezo haya ili mtumiaji wa huduma aelewe kila picha huonesha nini, haioneshi nini, na ni maswali gani yampasa kuyauliza.

Aina za picha

Eksirei ya kawaida huonesha mfupa wa fuvu, haioneshi ubongo. Fuvu laweza kuwa zima huku damu ikivuja ndani yake. Kwa hiyo, pale daktari anapoagiza kipimo cha CT, eksirei haiwezi kushika nafasi yake, hata ikiwa nafuu kwa bei.

Kipimo cha CT hutumia mionzi ya eksirei inayozunguka kichwa, kisha kompyuta hutengeneza picha za ubongo kipande kwa kipande, mithili ya mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London mwaka 1971, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na hutambua vema damu iliyovuja karibuni na mifupa iliyovunjika. Ndiyo sababu hutangulizwa katika dharura.

Kipimo cha MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei. Huonesha kwa undani zaidi uvimbe mdogo, makovu yanayoweza kusababisha kifafa na dalili za mapema za kiharusi. Kwa kawaida huchukua dakika 20 hadi 45 au zaidi, na mgonjwa hutakiwa kutulia kabisa ndani ya mashine yenye kelele.

Kiharusi: picha hutangulia dawa

Kiharusi hutokana ama na mshipa kuzibwa na bonge la damu, ama na mshipa kupasuka. Kwa nje dalili zaweza kufanana: mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama. Tiba zake hazifanani. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa kwa wagonjwa wanaoistahili ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Akipewa mtu ambaye damu inavuja ubongoni, yaweza kumuua. Picha ndiyo inayotenganisha hali hizo mbili.

Kwa hiyo, tunashauri mambo mawili. Kwanza, kumbukeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, na mwambieni daktari. Pili, msimpe aspirini nyumbani kabla ya kupimwa. Fahamuni pia kwamba katika saa za mwanzo za mshipa kuziba, picha ya CT yaweza kuonekana ya kawaida. Jibu hilo humwambia daktari kwamba hajaona damu iliyovuja. Halimaanishi kwamba mgonjwa hana kiharusi.

Jeraha la kichwa

Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani katika CT, ingawa mgonjwa huumwa kichwa, husahau au hukosa utulivu kwa siku kadhaa. Hata baada ya picha safi, mrudisheni hospitali mara moja akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akilegea upande mmoja, akichanganyikiwa, au akiwa vigumu kuamshwa. Kwa wazee, na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu yaweza kujikusanya polepole na dalili zikatokea wiki kadhaa baada ya kuanguka.

Usalama

Mwili wa mtoto huathirika zaidi na mionzi. Mzazi asishinikize mtoto apimwe CT pale daktari alipomchunguza na kuona haihitajiki. Lakini inapohitajika, faida yake hushinda hatari. Mjamzito, au anayedhani ana mimba, aseme mapema.

Sumaku ya MRI huvuta vitu vya chuma wakati wote, hata kipimo kisipoendelea. Kabla ya kuingia, tajeni kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, vibanio vilivyowekwa katika upasuaji wa ubongo, na vipande vya chuma mwilini, hasa machoni kwa mafundi wa kuchomelea. Iwapo dawa ya kuboresha picha itachomwa mshipani, semeni kama mgonjwa ana mzio au ugonjwa wa figo.

Maswali ya kuuliza

- Kipimo hiki kinatafuta nini, na jibu lake litabadili tiba kwa namna gani?
- Je, bei inajumuisha dawa ya kuboresha picha na ripoti ya mtaalamu?
- Je, bima inalipia, na inahitaji kibali kwanza?
- Ripoti itatoka lini, na nani atatueleza maana yake?

Ombeni nakala ya picha pamoja na ripoti, na mzitunze. Mgonjwa akipewa rufaa, nakala hizo zaweza kumwepusha na gharama ya kupimwa upya, na humwezesha daktari kulinganisha hali ya zamani na ya sasa. Katika dharura, maswali ya bei yasicheleweshe safari ya hospitali: mmoja wa ndugu ashughulikie malipo, mwingine abaki na mgonjwa.