Sayansi ya tabia: elimu ambayo Kilombero imeionja kabla ya kuijua jina

Kijana anapomaliza shahada ya kwanza, wazazi husubiri habari ya ajira. Akirudi nyumbani akasema anataka kuendelea na shahada ya uzamili, swali la kwanza huwa la ada, na la pili huwa atasomea nini. Akijibu kwamba anataka kusomea sayansi ya tabia, aghalabu kikao hunyamaza. Udaktari unajulikana, uhasibu unajulikana, ualimu unajulikana. Je, tabia za watu nazo husomewa chuoni? Na aliyezisomea huajiriwa na nani?

Maswali hayo ni ya haki, na tunaona yafaa kuyajibu katika ukurasa huu wa familia. Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano, kwa kuwa upo Ifakara.

Sayansi ya tabia ni elimu inayochunguza namna watu wanavyofikia maamuzi, hasa pale wanapolijua lenye manufaa kwao na bado wasilitende. Huchota kwenye saikolojia, uchumi, elimu ya jamii na takwimu. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Daniel Kahneman alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hii, na mwaka 2017 akafuatia mchumi Richard Thaler. Serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake mwaka 2010, na Benki ya Dunia ikaitolea elimu hii ripoti yake nzima ya maendeleo ya mwaka 2015. Kwa hiyo waajiri wapo: serikali, mabenki, kampuni za simu, mashirika ya afya na taasisi za utafiti.

Chandarua kilichofungua mlango

Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga na maji, na palipo na maji ya aina hiyo mbu hawakosekani. Utafiti wa maradhi ya nchi za joto ulianza Ifakara tangu miaka ya 1950, katika kituo kilichoasisiwa na Waswisi ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Ilipofika miaka ya 1990, ilikwisha kuthibitika kwamba chandarua chenye dawa huokoa maisha ya watoto. Lililobaki halikuwa la maabara: vipi familia ya mkulima itakinunua, itakitia dawa na kulala ndani yake kila usiku?

Mwaka 1997 ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga mradi wa kusambaza vyandarua kwa njia ya masoko ya kijamii, yaani kuuza kitu chenye manufaa kwa mbinu za wafanyabiashara. Kabla ya kuuza, watafiti walikaa na wananchi wakachunguza wanavyouelewa ugonjwa, jina gani la bidhaa litaingia masikioni mwao, na bei gani wako tayari kuilipa. Jina lililochukuliwa lilikuwa Zuia Mbu. Waliopewa kazi ya kuuza ni watu wanaofahamika vijijini: wenye maduka, wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji.

Katika mazungumzo hayo lilijitokeza jambo ambalo darubini isingeliona. Wananchi waliujua uhusiano wa mbu na malaria, lakini wengi hawakulihesabu degedege kuwa ni malaria. Walilinasibisha na mambo ya mashetani, na tiba yake wakaitafuta kwa waganga. Mzazi mwenye imani hiyo hawezi kushawishika kwamba chandarua kitamkinga mwanawe na degedege. Ilibidi ujumbe uanzie pale fikra za watu zilipo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la tiba la Lancet. Katika miaka mitatu, watoto wachanga wanaolala katika vyandarua vyenye dawa waliongezeka kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, matumizi ya vyandarua hivyo yalihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Hao ni watoto wa bonde hili, na leo walionusurika ni watu wazima wenye watoto wao. Mwaka 2004 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa Hati Punguzo, ambao kwa miaka kumi ulimwezesha mama mjamzito kupewa hati kliniki na kununua chandarua dukani kwa bei nafuu.

Kuuza au kutoa bure?

Hata hivyo, msomi mwaminifu hapimi jambo mara moja akaridhika. Wapo waliodai kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba ukigawa vyandarua watu watavulia samaki. Mwaka 2010 watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichapisha matokeo ya jaribio lao katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Waliopewa chandarua bure walikitumia sawa na walionunua, na bei ndogo tu ilitosha kuwafukuza wengi. Katika miaka hiyohiyo Tanzania nayo iligawa vyandarua bure kwa mamilioni. Funzo lake ni zito: yapo mambo tunayoyaita uzembe wa watu, kumbe ni ufukara.

Magharibi mwa Kenya pia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichunguza kwa nini wakulima waliokusudia kununua mbolea hawakuinunua. Walipofikishiwa mbolea bila gharama ya usafiri mara tu baada ya mavuno, fedha ikiwa bado mkononi, wanunuzi waliongezeka. Mkulima wa mpunga wa Kilombero analijua hilo bila kusoma: fedha ya mavuno ikishaingia katika harusi, madeni na ada, mbolea hubaki nia. Afisa wa serikali au mfanyabiashara anayelifahamu jambo hili atapanga ratiba yake kwa kufuata mavuno.

Amana ya mwenye kujua

Hapa ndipo familia ya Kiislamu inapopaswa kuwa macho. Anayejua kinachomfanya mtu anunue chandarua anajua pia kinachomfanya acheze kamari. Ofa ya kwanza ya bure, ujumbe wa simu unaomfikia kijana mara tu mkeka wake unapochanika, ahadi kwamba amebakiza mechi moja tu kushinda, yote hayo yametengenezwa na watu wanaozijua tabia. Mikopo ya kausha damu nayo hustawi kwa kujua kwamba mama mwenye mgonjwa ndani hasomi masharti. Maarifa ni yaleyale, na mishahara ya upande huo huenda ikawa minono.

Elimu hii ina aibu zake pia. Utafiti mashuhuri wa mwaka 2012, tena uliohusu uaminifu, ulifutwa na jarida lililouchapisha mwaka 2021 baada ya kugundulika kwamba sehemu ya takwimu zake haikuwa ya kweli. Mwanafunzi asiyemcha Mola wake katika hesabu asiingie humu.

Pa kusomea

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina idara ya sayansi za tabia. Taasisi ya Afya Ifakara hushirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha katika shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii. Nairobi kipo kituo cha Busara, kinachofanya tafiti za uchumi wa tabia. Kwa wanaotazama nje, London School of Economics na Chuo Kikuu cha Warwick hutoa shahada za uzamili za fani hii. Ada yake ni kubwa, hivyo ufadhili utafutwe mapema. Ule wa Chevening wa Uingereza humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na humlazimu kurejea nchini kwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Aliyesoma uchumi, saikolojia, afya ya jamii au biashara anaweza kuomba, lakini ajipange kwa takwimu, kwa kuwa ndiyo nguzo ya masomo yote haya.

Ushauri wetu kwa wazazi ni kwamba msimvunje moyo kijana kwa sababu jina la fani ni geni. Muulizeni mambo matatu kabla ya kutoa ruhusa na fedha: atajifunza kwa nani, atalipiwa na nani, na akishahitimu, ni uamuzi gani wa watu wa kwao atakaousaidia uwe mwepesi. Akikosa jibu la swali la tatu, mpeni muda atembee vijijini, akae na wakulima na wauza maduka, awasikilize. Watafiti wa Zuia Mbu walianzia hapo.