SLAIDI HAINA MSAMAHA: Kamera begani, twende Singida

Yapo mapenzi ya raha na yapo mapenzi ya kuumizana. Mpiga picha anayependa filamu ya slaidi yuko kwenye hayo ya pili. Ukiitendea vizuri, inakupa rangi ambazo hujapata kuziona kwenye karatasi. Ukiikosea kidogo tu, basi, umeachika. Wala hakuna mshenga wa kwenda kukuombea radhi.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi vijana wameanza kuzifufua kamera za baba zao. Haipiti wiki bila mmoja kuniuliza: "Kaka, nataka kusafiri na kamera ya filamu, ninunue mkanda gani?" Nami namwuliza, unakwenda wapi? Wengi hutaja Serengeti, Zanzibar au Kilimanjaro. Nikiwaambia waanzie Singida, wanacheka. Wanadhani Singida ni mahali basi linaposimama watu wanunue kuku kupitia dirishani.

Haya, cheka, lakini soma kwanza.

SLAIDI NI KITU GANI HASA?

Mkanda wa kawaida, huu wa negativu, ukishasafishwa unatoka na rangi za kinyume. Picha yenyewe huzaliwa baadaye, studio inapoichapa kwenye karatasi. Hapo fundi anaweza kukufichia aibu: ulizidisha mwanga, anapunguza, picha imekuwa ya njano, anaiweka sawa.

Slaidi haina huyo fundi wa kukusitiri. Kile kipande kilichokuwa ndani ya kamera, milimita 24 kwa 36, ndicho picha yenyewe. Kinasafishwa, kinakatwa, kinawekwa kwenye fremu ndogo, basi. Ukikishika juani unaona kila kitu, uzuri wako na ujinga wako. Negativu inaweza kuvumilia mwanga uliozidi mara nne na bado ukapata picha ya kuweka ukutani. Slaidi ukizidisha mara moja na nusu tu, mashati meupe yanaungua yanabaki matundu matupu.

Sasa kwa nini watu waliing'ang'ania? Kwa sababu ya rangi na ukali wake. Enzi hizo wachapaji wa kalenda, vitabu na majarida ya rangi walitaka slaidi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapa hapa Dar mwaka 1963, na baadaye akaijaza dunia vitabu vya picha za rangi za Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Comoro.

MKANDA UPI NIBEBE?

Nianze na usiopaswa kuubeba. Kodachrome ilizaliwa mwaka 1935 na ilikuwa malkia wa slaidi. Lakini rangi zake zilitiwa wakati wa kusafisha, kwa dawa za kipekee, hivyo si kila studio iliiweza. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyoisafisha, Dwayne's Photo ya Kansas, Marekani, iliacha kupokea mikanda mwishoni mwa mwaka 2010. Kwa hiyo mtu akikuuzia Kodachrome leo, ati ni mali adimu, ujue umenunua pambo la kabati. Ukibahatika sana utapata picha ya rangi nyeusi na nyeupe.

Iliyobaki ni mikanda inayosafishwa kwa njia iitwayo E-6. Mitatu ndiyo ya kuzungumzia.

Velvia 50 ya Fujifilm, iliyotoka mwaka 1990, ni ya watu wanaopenda mambo makubwa. Kijani chake kinapiga kelele, chekundu kinawaka. Ni nzuri kwa mashamba ya alizeti na kwa ziwa jioni. Lakini usimpige nayo bibi wa watu, maana uso utamgeuka mwekundu kama amepakwa udongo.

Provia 100F, pia ya Fujifilm, ni mpole. Hana chumvi nyingi. Huyu ndiye wa nyuso, sokoni na barabarani.

Ektachrome E100 ya Kodak ni sawa na mtu aliyefufuka. Kodak iliziacha Ektachrome zake miaka ya 2012 na 2013, halafu ikairudisha hii mwaka 2018. Ni safi, na ngozi inaionyesha ilivyo.

Ushauri wangu: kwa safari ya siku 5 Singida, chukua Provia au E100 tatu na Velvia moja. Bei ya mkanda wa slaidi inauma, na ukijumlisha kusafisha inauma mara mbili. Kwa hiyo mkanda wa picha 36 uutumie kama mtu anayehesabu nauli ya kurudi.

JUA LA SINGIDA LINATAKA HESHIMA

Singida iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, na kiangazi kuanzia Juni mpaka Oktoba anga linakuwa jeupe na upepo haupumziki. Jua huchelewa kidogo kuliko Dar. Huchomoza kama saa 12 na nusu asubuhi na kuyo­yoma karibu saa 1 kasoro jioni. Kwa slaidi, piga kuanzia saa 1 mpaka saa 3 asubuhi, na kuanzia saa 10 na nusu jioni mpaka lizame. Mchana kati kula kuku, lala.

Kuna kanuni ya zamani isiyohitaji betri: jua likiwa kali na halina wingu, weka tundu la lenzi namba 16, spidi iwe ile ile ya ASA ya mkanda wako. ASA 100, spidi 125. ASA 50, spidi 60. Wingu likipita mbele ya jua, shuka mpaka 8.

Ukitumia mita ya kamera, jihadhari. Mita ni kipofu wa rangi. Kila inachokiona inadhani ni cha kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye magadi meupe kando ya Ziwa Singidani, itapunguza mwanga na picha itatoka giza. Ukiielekeza kwenye uso mweusi wa mtu, itaongeza mwanga na shati lake jeupe litaungua. Dawa yake Mungu ameshaiweka pale pale: majabali ya Singida. Yale mawe makubwa ya kijivu yaliyopangana kando ya Singidani na Kindai, yakipigwa na jua lile lile linalompiga mtu wako, ni kipimo kizuri kuliko kifaa cha laki kadhaa. Pima kwenye jiwe, funga hesabu yako, mgeukie mtu, piga. Mahali pasipo na jiwe, pima kwenye majani mabichi.

USO MWEUSI, SHATI JEUPE

Hapa ndipo penye ngoma nzito, na wauzaji wa filamu hawapendi kupazungumzia. Kwa miaka mingi makampuni yalipima rangi kwa ngozi nyeupe. Maabara zilikuwa na kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na kadi hizo zikapewa jina la Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Mama yangu na mama yako hawakuwa kwenye hesabu. Inasimuliwa kwamba Jean-Luc Godard, mtengeneza sinema wa Ufaransa, alipokwenda kufanya kazi Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 alizikataa filamu za Kodak akisema zina ubaguzi.

Filamu za leo ni bora zaidi, lakini slaidi bado haiwezi kubeba giza na mng'ao mwingi kwa pamoja. Mtu mweusi mwenye shati jeupe saa 7 mchana ni mtihani. Msogeze kwenye kivuli cha mwembe au ukuta wa tembe, ageukie uwazi ili mwanga laini umwingie usoni. Shati litatulia na macho yataonekana. Ndani ya tembe usijaribu bila fleshi au stendi ya miguu mitatu. ASA 100 mle ndani haioni kitu.

WAPI UELEKEZE KAMERA

Singidani na Kindai ziko pale pale mjini. Wakati mwingine heroe hushuka, wale ndege wenye miguu mirefu na rangi ya waridi. Funga kwenye lenzi kioo cha kukata mng'ao wa maji, ila kumbuka kinakula mwanga mpaka robo tu inakufikia.

Panda Sekenke, kwenye barabara ya kwenda Igunga, uitazame mbuga ya Wembere ikiwa chini yako. Nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni. Jioni litakuwa usoni kwako na utapata weupe mtupu. Alizeti zitafute Machi na Aprili, wakati mvua imeosha vumbi hewani. Manyoni na Itigi kuna asali na Reli ya Kati. Majengo ya jeshi na ya serikali yaache yalivyo, usije ukasafishiwa mkanda kituoni.

Vumbi nalo ni adui. Punje moja ya mchanga ikiingia nyuma ya kamera inachora mstari kwenye picha zote 36. Badilisha mkanda ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mikanda isikae kwenye dashibodi wala juu ya injini ya basi. Izungushie nguo katikati ya begi. Ikitoka kwenye friji, iache saa moja au mbili kabla ya kuifungua, isije ikatoa jasho. Uwanja wa ndege omba wakague kwa mkono, maana mashine mpya za kukagua mizigo zinaunguza filamu.

Na studio nayo ichague. Kuna moja, jina nalihifadhi, ilipokea slaidi zangu ikazitumbukiza kwenye dawa za negativu. Heroe wote wakatoka kijani. Tangu hapo naandika E-6 kwa kalamu nene, na kabla ya kulipa namwuliza fundi mwenyewe, si karani.

PICHA ZETU HUENDA WAPI?

Mzee mmoja huko Iramba aliniuliza swali baada ya kumpiga picha kadhaa akiwa na mkewe mlangoni kwake. "Kijana wangu, Wazungu walipita hapa na kamera, na ninyi mnapita. Hizo picha huwa zinakwenda wapi?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, zangu zitarudi."

Ilipita miaka miwili. Nilirudi na projekta ya kuazima, tukapata jenereta ya shule, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Mzee alikuwa amefariki mwaka ule. Picha yake ilipotokea, mkewe alisema, "Iache hapo kwanza."

Sasa kila mwenye slaidi anajua sheria: usiiache kwenye projekta zaidi ya dakika moja. Taa inaichoma, rangi inapauka, na ya pili hakuna. Niliiacha. Watoto waliacha kelele, mama akasogea mpaka kivuli chake kikaingia kwenye shuka karibu na mumewe. Hakuna aliyesema kitu. Tulikaa hivyo mpaka jenereta ilipoanza kukohoa.

Baadaye niliipeleka ile slaidi kwa kompyuta, nikachapisha nakala kubwa na kumtumia kwa basi. Ya asili ninayo, imepauka kidogo upande wa anga. Sijaiona hasara.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hujafyatua jiulize mambo mawili: mwanga uko wapi, na huyu mtu ataionaje picha yake? Ukirudi, ihifadhi slaidi gizani, pakavu, pasipo joto, lakini kabla ya hapo toa nakala na kuituma kwa mwenyewe. Kuomba ruhusa ni lazima, kusalimia ni lazima zaidi, na ahadi ya picha ni deni kama madeni mengine.

Haya, basi linaondoka. Na wewe uliyecheka pale mwanzo, ukifika Singida usisahau kuniletea kuku.