Urithi wa Garimoshi: Kwa Nini Reli ya Zamani Hufaa kwa Baiskeli

Mwendesha baiskeli huijua ardhi kwa miguu yake. Barabara ambayo dereva wa motokaa huiona kuwa tambarare, yeye huitambua kuwa ina mwinuko kabla hajaenda mita mia mbili. Ndiyo maana thamani ya njia ya baiskeli haipimwi kwa urefu wake wala kwa uzuri wa mandhari tu. Hupimwa pia kwa jinsi inavyopanda, inavyopinda na inavyokatizwa. Katika mambo yote hayo matatu, fundi aliyejenga reli katika karne ya 19 alimtumikia mwendesha baiskeli wa leo pasipo kukusudia.

Mfano mzuri wa jambo hili uko kaskazini-magharibi ya jiji la Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Hapo ipo njia ya lami iitwayo Minuteman Bikeway, yenye urefu wa maili 10, yaani takriban kilomita 16. Inaanzia Alewife mjini Cambridge, kwenye kituo cha mwisho cha treni ya chini ya ardhi, kisha hupita katika miji ya pembezoni ya Arlington na Lexington hadi kufika Bedford. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 juu ya tuta la reli iliyoachwa.

Bonde, kijito na historia

Jina la njia hiyo hukumbusha wanamgambo waliokuwa tayari kushika silaha kwa taarifa ya dakika moja. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili 1775, askari wa Kiingereza wapatao 700 walitoka Boston kwenda Concord kuzitwaa silaha za walowezi. Alfajiri walikabiliana na wanamgambo wapatao 77 wa Kapteni John Parker katika uwanja wa Lexington, na wanamgambo 8 wakauawa. Alasiri, askari hao walipokuwa wakirejea, mapigano makali zaidi ya siku hiyo yalitokea Menotomy, mahali panapoitwa Arlington siku hizi. Katika nyumba ya Jason Russell peke yake aliuawa Russell mwenyewe pamoja na wenzake 11. Nyumba hiyo ingaliko, nayo haiko mbali na njia ya baiskeli. Uwanja wa Lexington nao uko karibu na njia. Msafiri mwenye baiskeli aweza basi kuzuru mahali pote pawili katika asubuhi moja.

Barabara waliyopita askari wale na reli iliyokuja baadaye zinakaribiana, na jambo hilo lina sababu yake katika umbo la nchi. Kijito cha Mill Brook hutiririka kutoka upande wa Lexington kupitia Arlington. Nguvu ya maji yake iliendesha vinu na viwanda kadhaa. Kimojawapo, Old Schwamb Mill, ambako familia ya Schwamb ilianza kazi ya kutengeneza fremu za picha mwaka 1864, kingali kimesimama. Reli ilipofika Lexington mwaka 1846, wajenzi walilifuata bonde lile lile, kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha kuchagua mteremko ulio mpole. Miaka thelathini hivi baadaye reli ilikuwa imefika Bedford.

Mzigo wa mwinuko

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hubingirika kwa ukinzani mdogo sana. Kwa sababu hiyo injini moja huweza kuvuta mabehewa mengi. Lakini ulaini huo huo una kasoro yake: gurudumu hukosa mshiko wa kutosha penye mwinuko mkali, likateleza. Zaidi ya hayo, mwinuko wa mita 1 katika kila mita 100, ambao mtembea kwa miguu hauhisi kwa urahisi, huiongezea treni mzigo unaozidi mara kadhaa ule wa kubingirika. Fundi wa reli hakuwa na hiari. Alilazimika kuchimba vilima, kujaza mabonde na kupinda kwa mapana, ili mwinuko usizidi kiasi kidogo.

Mwili wa binadamu nao ni injini dhaifu. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha, huweza kutoa nguvu ya takriban wati 100 kwa saa nzima pasipo kuchoka mno. Tuchukue mfano wa mtu ambaye uzito wake pamoja na baiskeli ni kilo 90, naye anakwenda kilomita 15 kwa saa juu ya lami laini, siku isiyo na upepo. Kuyashinda mabingiriko ya magurudumu kutamgharimu wati 18 hivi, na kuikata hewa wati 26 hivi. Jumla yake haifiki wati 50. Anaweza kwenda huku akizungumza na mwenzake.

Njia ikipanda kwa asilimia 1, yaani mita 1 kwa kila mita 100, ataongezewa wati 37, na jumla itakuwa kama wati 80. Bado anaimudu. Lakini ikipanda kwa asilimia 5, kama zilivyo barabara nyingi za vilimani, mwinuko peke yake utamdai zaidi ya wati 180. Kwa mwendo ule ule sasa atahitaji wati 230 hivi, nguvu ambayo wengi hawawezi kuidumisha. Atapunguza mwendo, au atashuka asukume. Kwa hiyo tofauti kati ya matembezi ya kupendeza na kazi ya sulubu ni asilimia chache tu za mwinuko, nazo ndizo zilizoondolewa na wajenzi wa reli kwa sururu na baruti.

Lami na upepo

Kuna mambo mengine mawili. La kwanza ni uso wa njia. Juu ya changarawe, ukinzani wa kubingirika waweza kuwa maradufu ya ule wa lami. Msafiri wetu angelipa wati 18 zaidi kwa mwendo ule ule. Huko Bedford tofauti hiyo huonekana wazi, kwani njia mbili nyingine za reli za zamani zinaanzia hapo, nazo kwa kawaida zimekuwa na uso wa udongo au changarawe. Mojawapo hufuata reli nyembamba ya Billerica, ambayo mataruma yake yalibeba vyuma vilivyoachana futi 2 tu, yaani sentimita 61. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1877 na kufungwa mwaka uliofuata. Lami nayo ina adui wake: mizizi ya miti iliyo kandokando huinua uso wa njia na kuupasua, hivyo hapana budi kuikarabati mara kwa mara.

La pili ni hewa. Kani ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayotakiwa kuishinda hukua kwa kipeo cha tatu. Mtu akiongeza mwendo wake kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, nguvu ya kuikata hewa hupanda mara nane, kutoka wati 26 hadi kufikia wati 208. Asiye na haraka ndiye anayefaidi njia hizi kuliko wote. Tena mwendo wa polepole ni usalama, kwa kuwa njia hutumiwa pia na watembea kwa miguu na watoto, na hatari kubwa hujitokeza mahali inapokatana na barabara za magari.

Ukanda usiokatwa

Mwinuko mpole na mapindo mapana yasingekuwa na faida kama ukanda wenyewe ungekatwa vipande. Katika mji wa pembezoni uliokwisha kujaa nyumba, ukanda mrefu wa ardhi usiokatika ni mali isiyoweza kununuliwa upya. Reli inapoachwa, kila jirani huona fursa ya kupanua ua wake. Akifanikiwa mmoja tu, njia nzima imekufa.

Huduma ya abiria katika reli ya Lexington ilikoma mwaka 1977, na mizigo mwaka 1981. Wakati huo reli nyingi za Marekani zilikuwa zikiachwa. Mwaka 1983 Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria ya njia za taifa, likaruhusu reli isiyotumika ihifadhiwe kama njia ya watu kwa sharti kwamba huenda siku moja treni ikarudi. Wenye ardhi walipopinga, Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali sheria hiyo mwaka 1990. Leo nchi hiyo ina zaidi ya kilomita 40,000 za njia zilizotokana na reli.

Sharti hilo lina uzito wake. Hapo zamani palikuwa na mpango wa kuipitisha treni ya chini ya ardhi Arlington hadi Lexington. Watu wengi wa Arlington waliupinga, na tangu mwaka 1985 treni hiyo imekomea Alewife. Wapo watakaosema kwamba treni ingebeba watu wengi zaidi kuliko baiskeli, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, mjadala wa namna hiyo huwezekana tu palipo na ukanda uliobaki mzima. Vyuma vyaweza kung'olewa na kutandikwa tena, na lami vivyo hivyo. Tuta lililokatwa na kugawanywa viwanja halirudi, na kazi ya wale waliolisawazisha hupotea pamoja nalo.