Mfugaji, ijue saa ya ng'ombe wako kuzaa

WAFUGAJI wengi wa Kimara, Mbezi, Goba na Kibamba, katika Manispaa ya Ubungo, wana ng'ombe mmoja au wawili tu wa maziwa, wanaofugwa bandani nyuma ya nyumba na kuletewa majani. Kwa mtu wa namna hii, uzazi mmoja ukiharibika mradi mzima unayumba: ndama hakuna, maziwa ni haba, na ng'ombe huchelewa kushika mimba nyingine.

Mara nyingi hasara hiyo hutokana na kutojua ng'ombe amefikia hatua gani. Mmoja huvuta ndama mapema mno. Mwingine hungoja kuche, kumbe ndama amekwama tangu saa nane usiku.

Kazi huanzia kwenye daftari. Andika tarehe aliyopandishwa, iwe kwa dume au kwa uhimilishaji, kisha hesabu siku 283. Aliyepandishwa Machi 1 mtarajie karibu na Desemba 9, akitangulia au kuchelewa siku chache. Siku 60 kabla ya hapo acha kumkamua, hata kama wateja watanuna.

Kiwele huanza kujaa wiki kadhaa kabla, kwa hiyo kisikudanganye. Tazama shina la mkia. Kano za pande zote mbili zikilegea na pakabonyea, uke ukavimba na ute mzito ukaning'inia, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24.

Hatua ya kwanza ni njia kufunguka. Ng'ombe hatulii, analala na kuinuka, anainua mkia na kugeuka kutazama ubavu. Huchukua saa mbili hadi sita, na kwa mtamba huweza kuzidi. Hapa kazi yako ni kumwacha. Watoto na majirani wenye tochi waondoke, maana banda likigeuka ukumbi wa harusi ng'ombe husita. Lakini mpigie simu mtaalamu wa mifugo mapema, ajue kuna kazi. Ukisubiri mambo yaharibike ndipo umtafute, foleni ya Barabara ya Morogoro haitakuhurumia.

Hatua ya pili huanza chupa inapotokeza na ng'ombe kusukuma kwa nguvu. Angalia saa yako. Miguu miwili ikitoka nyayo zikitazama chini, na pua imelala juu yake, ndama amekaa sawa. Nyayo zikitazama juu, mara nyingi hiyo ni miguu ya nyuma. Ukiona hivyo, au mguu mmoja, au kichwa bila miguu, au mkia peke yake, ita mtaalamu papo hapo. Hata ndama akiwa amekaa sawa, saa moja ya kusukuma bila maendeleo inatosha kwa ng'ombe aliyewahi kuzaa. Kwa mtamba, mbili.

Ndama akitoka, safisha pua na mdomo, msugue kwa gunia kavu, paka kitovu aidini. Anyonye dang'a katika saa moja au mbili za mwanzo, isizidi sita. Ndama wa kilo 35 anahitaji lita tatu na nusu hivi.

Hatua ya tatu ni kondo la nyuma, ambalo hutoka ndani ya saa 12. Usilivute wala kulifungia jiwe, kwani huchanika na kuacha kizazi kikioza. Likipita saa 24 ita mtaalamu. Vaa glovu, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba humwambukiza binadamu, na ulifukie, mbwa wasilipate. Ng'ombe akipewa dawa, maziwa yake yasiuzwe hadi siku alizotaja mtaalamu ziishe.

Wenye mbuzi wahesabu siku 150. Wa nguruwe wahesabu 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Jike akianza kukusanya majani na chuchu zikatoa maziwa ukizibinya, usilale mbali.

Ng'ombe anayetoa maziwa mengi, hasa aliyezaa mara kadhaa, mchunguze siku tatu zaidi. Akiyumba, masikio yakiwa baridi, kisha akalala na kukunja shingo ubavuni, hiyo huenda ni homa ya maziwa. Anahitaji kuchomwa kalisi na mtaalamu usiku huohuo.