Utamu Uliotoka Bara

Peremende anayoifungua mtoto akirudi chuoni ni kitu kidogo mno, na aghalabu hatuulizi imetoka mikononi mwa nani. Juma hili twauliza. Jawabu latupeleka mbali na pwani, mpaka Kitale na Bungoma, kwani katika miji midogo ya bara namna hiyo ndiko zilikojifunza biashara jamaa nyingi za Kihindi zilizokuja kuwa na viwanda Nairobi.

Kitale ulianzishwa na walowezi wa Kizungu mwaka 1908, mahali ambapo husimuliwa kuwa misafara ya watumwa ilikuwa ikituliza mizigo yake. Reli ikafika mwaka 1926. Bungoma nao ulikulia kando ya reli iendayo Uganda. Mashamba yaliyozunguka Kitale yalikuwa ya Wazungu peke yao kwa mujibu wa sheria. Mhindi aliachiwa kiwanja cha duka mjini. Husemwa sana kwamba Mhindi amezaliwa na mizani mkononi. Sisi hatukubali. Waoshwali, ambao wengi wao huitwa Shah na hufuata dini ya Ujaini, walitoka katika vijiji vya wakulima karibu na Jamnagar, nchi ya Gujarat. Kilimo kilifungwa mbele yao, wakashika duka. Pamoja nao walikuwako Waislamu, Waismailia na Mabohora, na Wapunjabi pia.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja: chumvi, sukari, mafuta ya taa, leso, viberiti, na juu ya meza chupa kubwa ya peremende iliyowavuta watoto. Mkulima alichukua bidhaa leo na kulipa baada ya mavuno. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandikiana deni, katika Suratul Baqara, nayo yataka mwandishi muadilifu na mashahidi. Huko bara daftari liliandikwa Kigujarati, na mteja wa Kibukusu hakuweza kulisoma. Basi palikuwa na kuaminiana, na palikuwa na shaka. Na manung'uniko juu ya mizani na bei hayakuwa ya uongo yote.

Nyuma ya duka ilikuwako nyumba, na hapa twapenda kukaa kidogo. Mke wa mwenye duka aliwapikia mume, shemeji na wasaidizi waliolala uani. Mume akisafiri kutafuta bidhaa, yeye ndiye aliyesimama mezani. Kiswahili chake alikipata kwa wanawake waliokuja kununua chumvi. Sikukuu ikifika, alipika vitamu vya kwao kwa sukari ileile ya dukani. Hakuwa na mshahara, na jina lake ni nadra kuonekana katika karatasi za kampuni. Ukisoma kwamba kiwanda fulani kilianzishwa na ndugu watatu, hesabu na wake zao.

Kisha ikaja sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967. Asiyekuwa raia alizuiwa kuuza baadhi ya bidhaa, sukari ikiwa miongoni mwazo, na kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotajwa. Maduka mengi ya miji midogo yalibadilisha wenyewe. Jamaa kadhaa zilikwenda Uingereza, mpaka Waingereza nao walipopunguza nafasi ya kuingia kwa sheria ya Machi 1968. Waliokuwa raia na wenye akiba waligeukia viwanda. Njia hiyo ilikwisha kupitwa na Madatally Manji, Muislamu wa Kiismailia, ambaye biskuti zake zajulikana Kenya nzima na ambaye alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1995. Kenafric, kampuni ya jamaa ya akina Shah inayotengeneza peremende Nairobi, ilianza mwaka 1987.

Lakini akiba ya duka moja hainunui mitambo. Waismailia walikuwa na mfuko wao wa kukopeshana tangu miaka ya 1940. Waoshwali walikuwa na jumuiya yao, na ndugu waliokaa chungu kimoja miaka mingi kabla ya kugawana. Hilo ndilo tungependa jamaa zetu za pwani walitazame. Halwa yetu haikukosa ustadi: wanga, samli, iliki, zafarani, na mkono usiochoka kukoroga sufuria. Hata hivyo mpishi wa halwa akifariki, mara ngapi warithi wamegawana mpaka sufuria, kila mmoja akashika njia yake? Mirathi ni haki, wala hatusemi izuiwe. Ushirika baada ya mirathi nao ni halali.

Bungoma nao ulirudi katika habari hii kwa mlango wa miwa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kiliundwa mwaka 1975 na kuanza kusaga mwaka 1978, na wakulima wake wamelalamika mara nyingi kwamba malipo huchelewa. Utamu una watu wengi nyuma yake, na si wote hulipwa kwa wakati.

Ramadhani ikikaribia, mama zetu huuza visheti, labania na kashata kutoka jikoni mwao, wengine kwa sukari ya kukopa. Mwenye habari za nyanya yake aliyefanya kazi hiyo, pwani au bara, na atuletee tuziandike katika kurasa hizi, na jina lake likiwamo.