Kutoka Wodini hadi Jaridani: Hatua za Kumfundisha Mwanafunzi Kuandika Makala ya Kitabibu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika tiba, mali hiyo ni maarifa yanayopatikana kando ya kitanda cha mgonjwa. Wanafunzi wa shahada za uzamili hufanya utafiti, hujaza madodoso, hutetea tasnifu zao, na nyingi kati ya tasnifu hizo huishia kabatini. Mgonjwa aliyetoa damu na muda wake hapati habari, wala muuguzi wa zahanati ya mbali ambaye matokeo hayo yangemfaa. Kwa sababu hiyo, kumfundisha mwanafunzi kuandika makala ni sehemu ya huduma kwa mgonjwa.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi ni wa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo. Akajiuliza iwapo watoto hao walikuwa na ugonjwa mmoja, akayarudia majalada ya wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha katika jarida la British Journal of Surgery makala kuhusu watoto 38.

Hatua ya kwanza, basi, ni swali. Mwanafunzi wengi huja na mada pana, kwa mfano “shinikizo la damu kwa wajawazito”. Hiyo bado si swali. Swali hutaja ni wagonjwa gani, ni jambo gani linalopimwa, na linalinganishwa na nini. Mwanafunzi asiyeweza kulisema swali lake kwa sentensi moja hajawa tayari kuendelea.

Hatua ya pili ni kusoma yaliyoandikwa na wengine, ili ajue lililokwisha kujibiwa na pengo lililobaki. Ya tatu ni itifaki na kibali cha maadili. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, madaktari duniani wamekubaliana kwamba maslahi ya mgonjwa hutangulia maslahi ya sayansi. Nchini Tanzania, kibali cha kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kibali hutafutwa kabla ya kukusanya data. Hakiombwi baadaye ili kuhalalisha yaliyokwisha kufanyika.

Hatua ya nne ni kukusanya na kuchambua data kama itifaki ilivyoahidi. Hapa ndipo uaminifu hupimwa. Matokeo yasiyolingana na matarajio ya mwanafunzi, au ya msimamizi wake, ni matokeo halali, nayo yaandikwe.

Hatua ya tano ni kuandika. Makala ya utafiti kwa kawaida husomwa kwa mpangilio huu: utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Hata hivyo, si lazima iandikwe kwa mfuatano huo. Huwashauri wanafunzi waanze na majedwali, kisha mbinu na matokeo, kwa kuwa hayo tayari wanayo mkononi. Mjadala hufuata, halafu utangulizi. Ikisiri na kichwa cha makala huja mwisho. Matokeo yaeleze kilichoonekana; maana yake ingoje katika mjadala. Na kila sentensi inayobeba wazo la mtu mwingine imtaje mwenyewe, maana kunakili bila kutaja ni wizi.

Hatua ya sita huleta ugomvi mwingi: majina ya waandishi. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imeweka masharti manne: mtu awe amechangia kwa dhati katika utafiti, ashiriki kuandika au kuhakiki rasimu, aidhinishe nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Ukuu wa idara si sharti mojawapo. Inafaa jambo hili lijadiliwe mwanzoni, mwanafunzi akiwa huru kusema.

Hatua ya saba ni wahakiki. Mwanafunzi hupokea maoni yao kama mshitakiwa apokeavyo hukumu, ilhali ni msaada wa bure. Hujibiwa hoja kwa hoja, kwa adabu. Burkitt mwenyewe aliuita ugonjwa ule sarkoma. Wataalamu wa patholojia wa Kampala baadaye walionyesha kuwa ni limfoma. Makala yake haikupoteza thamani, kwa sababu ilieleza kwa uangalifu kile alichokiona. Mwaka 1961 mtafiti Anthony Epstein alisikiliza mhadhara wake jijini London, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kuonekana kwa virusi katika seli za uvimbe huo. Virusi hivyo leo huitwa Epstein-Barr.

Hatua ya mwisho husahaulika zaidi: kurudisha matokeo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, ukisomwa katika kikao cha asubuhi cha wodi au kliniki ambako data zilikusanywa, hutosha kuanzia.

Ndugu msomaji uliye mgonjwa, ukiombwa kushiriki katika utafiti, una haki ya kuuliza unahusu nini, jina lako litafichwaje, na matokeo utayapata wapi. Una haki pia ya kukataa, na matibabu yako yasipungue kwa sababu hiyo. Nawe mhudumu wa afya, ukiona jambo lisilo la kawaida likijirudia katika kituo chako, liandike tarehe na maelezo yake siku hiyo hiyo, kisha umshirikishe mwenzako. Utafiti wa Mulago ulianza hivyo.